Bibi Harusi, Mahari na Cheti cha Kompyuta



Wengi mnanijua kwa magauni ya harusi na mabaibui. Leo niacheni na satini na lesi kidogo, niwape kisa cha bibi harusi mmoja, binti wa dada yangu. Alikuja dukani kwangu Chake Chake kupimwa gauni la nikaha. Futi ingali kiunoni mwake akanambia, "Mama mdogo, ile mahari yangu nataka nikalipie mtihani."

Nikadhani nimesikia vibaya. Kwetu mahari imezoeleka kununuliwa kitanda, kabati na godoro, na ikibaki, bangili. Nikamuuliza mtihani gani tena, na diploma ya kompyuta anayo tayari? Akanieleza. Alikuwa ameomba kazi ya mitandao ya kompyuta mara kadhaa bila ya kuitwa, na matangazo mengi yalitaja cheti kimoja: CCNA, cha kampuni ya Cisco ya Marekani. Ada yake ni dola 300.

Sikumjibu vizuri. Usiku ndipo nilipokumbuka yangu.

Mimi nilisomea ushoni katika Kituo cha Mafunzo ya Amali Vitongoji. Kukata nilijua na kushona nilijua, lakini niliolewa kabla ya mtihani wa mwisho. Nikasema cheti cha nini, mteja anatazama mshono. Na kweli, wateja walikuja. Kisha ikatokea oda ya sare za skuli, jozi 200. Nikapeleka barua na sampuli, nikaulizwa cheti. Sina. Akapewa mwengine. Baada ya wiki mbili yule mwengine akaja kwangu, kazi imemshinda, akanipa jozi 120 nimshonee kwa bei ya kibarua. Nikazishona, maana nilikuwa na watoto wa kulisha. Jina na faida vikaenda kwa mwenye karatasi. Simlaumu, yeye alikuwa na kile kilichotakiwa. Mwaka uliofuata nikaenda kufanya mtihani wangu, mtoto mchanga mgongoni.

Siku ile nilifahamu kuwa cheti ni shahidi. Mtu wa Chake Chake akitaka kunijua atamuuliza jirani yangu. Mtu wa Unguja, Dar es Salaam au Muscat hana jirani wa kumuuliza, kwa hiyo anauliza karatasi. Na sisi wanawake, ambao aghalabu hatuna mjomba ofisini wa kutusemea, tunamhitaji shahidi huyo zaidi.

Asubuhi nikampigia simu, nikamwambia, "Mwanangu, mahari ni mali yako. Kitanda tutatafuta."

Hilo si langu. Katika Suratun Nisaa, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameamrisha wanawake wapewe mahari yao. Haikuamrishwa wapewe makabati. Bwana harusi naye, Allah amjaalie kheri, alisema mali ni ya mkewe.

Sasa niwaeleze mtihani wenyewe kwa lugha ya fundi cherehani. Mtandao wa ofisi ni kama nguo yenye vipande vingi: kompyuta, printa, simu, kamera. Mwenye CCNA anatakiwa ajue kuviunganisha, kukipa kila kimoja anwani yake, kufunga milango ili wezi wasiingie, na kutafuta penye kasoro mambo yanapokwama. Mtihani ni wa dakika 120, na si kwa Kiswahili, ni kwa Kiingereza. Unaweza kuufanyia nyumbani, lakini kamera inakutazama muda wote na haruhusiwi mtu kuingia chumbani. Nani ana chumba hicho Pemba, watoto wanavyoingia na kutoka? Akapanda boti na kaka yake mpaka Dar es Salaam kwenye kituo cha mtihani.

Mara ya kwanza hakupita.

Dada zangu, maneno yalisemwa. Eti mahari imeliwa na kompyuta. Alilia dukani kwangu juu ya vitambaa vya watu. Na ada hairudi, ukitaka kurudia unalipa upya. Shoga yake akamshauri anunue maswali ya wizi yanayouzwa mitandaoni. Akakataa, akasema, "Nikiingia kwa uongo, mshahara wangu wote utakuwa wa nini?" Hapo nikajua pesa zangu hazitapotea. Nikamkopesha za sare, akasoma miezi minne mingine, akarudi, akapita.

Akaitwa kwenye usaili. Mnajua walimfanyia nini? Walimwekea waya na vichwa vyake mezani, wakamwambia auunge hapo hapo. Karatasi ilimfikisha mezani, mkono ndio uliomjibia. Alipewa mkataba wa mwaka 1, na deni langu analilipa kidogo kidogo.

Jambo moja lilinishangaza. Cheti changu cha ushoni hakina mwisho, lakini chake kinakwisha baada ya miaka 3 mpaka akihuishe. Nilidhani ni ujanja wa kula pesa za watu. Kisha nikatazama picha za magauni niliyoshona zamani, nikacheka. Nani atayavaa leo? Ujuzi nao hupitwa.

Nimalizie kwa kisa mnachokijua. Katika Suratul Qasas, Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan aliwanyweshea mifugo yao mabinti wawili. Mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Mwanamke ndiye aliyetazama akatoa ushahidi, na alitaja mambo mawili. Cheti kinathibitisha la kwanza tu, kwamba unaiweza kazi. La pili, uaminifu, halina kituo cha mtihani. Unalithibitisha kila siku kwa kufika kwa wakati, kutunza siri za ofisi na kutochukua kisicho chako.

Bibi harusi unayesoma hapa, ukitaka njia hii usianze kwa kulipa. Cisco Networking Academy ina masomo ya awali ya bure mtandaoni. Anza nayo uone kama moyo wako umo. Uliza kwanza kazi unayoitaka inadai cheti gani, usikusanye vyeti kama vikoi vya sanduku. Na ukiwa umesoma fani yoyote ukaacha mtihani wa mwisho kama mimi, rudi ukaumalize.

Gauni lake la nikaha nililishona mwenyewe, zawadi yangu. Kitanda chao walikinunua mwezi uliopita.

Allah awabariki katika ndoa zenu na kazi zenu. Amin.