Ukungu Juu ya Meza ya Baba

Meza ya marehemu baba ni ya mvule, ina droo mbili, na kwenye pembe yake ya kulia pana doa la wino ambalo hakuna aliyewahi kulifuta. Juu ya meza hiyo, hapa Horohoro mpakani, alinifunza kuumba herufi. Juu yake mimi mwenyewe, bila ya chuo wala mwalimu mwingine, nilijifunza kufasiri mashairi. Aprili iliyopita nikaamua kuipaka upya. Kosa langu la kwanza lilikuwa ni mwezi wenyewe.

Nilichagua lakiri, ule utomvu wa wadudu wa India unaoyeyushwa kwa spiriti, kwani huupa mti wekundu wa asali pasi na kuuficha. Nilipaka jioni, mvua ya masika imekatika punde tu. Asubuhi meza ilikuwa nyeupe kama jicho lililoingia mtoto wa jicho.

Fundi kijana niliyemwita aliipapasa kwa kiganja, akasema, “Mzee, hii tuipige randa, kisha tupake vanishi ya kisasa. Hata maji hayapenyi.” Sikumdharau. Vanishi ile ni ngumu kweli, na lau ungekuwa mlango unaopigwa na mvua ningemwachia. Lakini ikishabanduka haikubali kiraka, sharti uikwangue yote. Na randa haichagui, ingeondoka na ukungu, ikaondoka na wino.

(Waunda majahazi wa pwani yetu tangu zamani waliupaka mti sifa, yaani mafuta ya papa. Mshairi apendaye sifa na aanze kwa kuyanusa hayo.)

Sababu ya weupe ule ni nyepesi. Spiriti huruka upesi, na ikiruka huupoza uso wa mti. Unyevu wa hewa hutua papo hapo, ukafungwa ndani ya lakiri kabla haijakauka. Kumbe ukungu ulikuwa ndani ya ngozi ile nyembamba tu, haukuugusa mti.

Nikangoja siku tatu, hata ikaja adhuhuri ya jua na upepo. Nikachovya kitambaa cha pamba katika spiriti, nikakikamua kikawa karibu kukauka, nikakipitisha mara moja moja, bila ya kurudia palipolowa. Lakiri ikalainika, unyevu ukapata njia ya kutoka. Nilipoifikia pembe ya kulia mkono ulinitetema, maana spiriti hiyo hiyo ingaliweza kuung’oa wino. Nikaipita pembe kwa pumzi moja. Doa likabaki.

Chai ya moto siiweki tena juu ya meza; lakiri haiivumilii. Weupe umesalia mahali pamoja, upana wa sarafu, karibu na droo. Fundi alipopita tena aliuonyesha kwa kidole, akacheka. Nikamwambia tungoje kaskazi.