Silaha na Mkono wa Mwenyewe

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinijia kijana niliyemsomesha zamani, ambaye sasa ni mwenye duka hapa mjini Unguja. Tulipokwisha kuamkiana alikaa barazani akasema: "Maalim, duka langu limevunjwa mara mbili. Nataka kuomba leseni ya bastola. Nimeona za namna nyingi wala sijui ipi itakayonifaa. Nipe shauri."

Nilitabasamu, kwani kazi yangu mimi ni kufundisha alifu na bee, si kulenga shabaha. Lakini mtu akikujia kwa shauri si adabu kumrudisha hivi hivi. Nilimtaka anipe muda wa siku tatu.

Kesho yake nilimwendea jirani yangu mzee, askari aliyestaafu, aliyewafundisha wengi kushika silaha. Akanambia: "Maalim, watu huuliza jina la bastola kabla ya kukitazama kiganja chao. Hilo ni kosa la kwanza." Akanieleza kuwa mpini ukiwa mnene kupita kiasi, kidole hakikifikii sawasawa kifyatulio, na mwenye kupiga huivuta silaha upande bila ya kujua. Mpini ukiwa mdogo mno, mkono haupati pa kushika. Bastola ndogo na nyepesi hupendeza kwa kuchukulika, lakini ikilia huruka mkononi kwa nguvu kuliko nzito yenye risasi ile ile. Iliyo nzito hutulia, lakini huchosha kuibeba mchana kutwa. Ile ya mviringo unaozunguka, yenye risasi tano au sita, ni nyepesi kufahamika. Ile ya risasi zinazopangwa ndani ya mpini huchukua nyingi zaidi, nayo yataka mazoezi zaidi. Basi hapana bastola iliyo bora kwa watu wote. Bora ni ile ikueneayo mkono, ikaifaa haja yako, na ukaijua kwa mazoezi.

Akanipa na mfano. Jeshi la Uingereza liliipokea bastola ya Webley mwaka 1887, na kwa miaka mingi likatumia risasi yake nene ya inchi 0.455. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza wakubwa wake waliona kwamba risasi ile ni taabu kwa askari wasiokuwa na mazoezi marefu. Kwa hiyo mwaka 1932 wakapokea bastola nyepesi zaidi, ya risasi ya inchi 0.38. Tazama basi: hata dola kubwa ilirudi nyuma ikaupima mkono wa askari wake.

Nilimshukuru mzee yule nikarejea nyumbani. Lakini usiku ule sikupata usingizi, kwani maneno yake yalinikumbusha fimbo yangu.

Nilipoanza kusomesha nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilikwenda shamba nikajichagulia fimbo kwa uangalifu, nikaijaribu moja baada ya moja mpaka nikaipata iliyonienea kama niliyozaliwa nayo. Haikuwa nzito wala haikuwa nyepesi. Siku moja mtoto mmoja alicheka darasani, nami nimeamka na ghadhabu zangu za nyumbani. Kabla sijafikiri, fimbo ilikwisha kushuka, na kidole cha mtoto kikavunjika. Baba yake alipokuja hakunitukana. Alinitazama tu, akamshika mwanawe mkono mzima wakaenda zao. Mtazamo ule ninao mpaka leo.

Fimbo ile haikuwa na kosa. Iliuenea mkono wangu barabara, na kwa sababu hiyo ilikuwa nyepesi kuinuka. Niliupima mkono, moyo sikuupima.

Siku ya tatu kijana alikuja. Nilimweleza yote aliyoyasema mzee: kiganja, uzito, haja na mazoezi. Nikamwambia kuwa silaha huhesabiwa daima kuwa ina risasi, kidole hukaa nje ya kifyatulio mpaka wakati wa kupiga, na nyumbani hufungiwa mbali na risasi zake, mahali watoto wasipopafikia. Nikamkumbusha kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alimkataza mtu kumwelekezea nduguye silaha hata kwa mzaha, na akamwamrisha apitaye na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Hayo yalisemwa kwa mishale. Je, risasi?

Kisha nikamwonyesha upande wa Kisiwandui, alikouawa Mzee Abeid Amani Karume kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972. Nikasema: "Mwanangu, fimbo niliweza kuizuia katikati kama ningalitaka. Risasi ikishatoka haiitwi ikarudi. Sasa niambie, mara ya mwisho ulipokasirika ulifanya nini?"

Alinyamaza kitambo kirefu. Halafu akasema kwa sauti ndogo: "Nilimrushia ndugu yangu kikombe, Maalim."

Sikumwambia anunue wala asinunue. Sheria ina wenyewe wa kutoa leseni, na mtu ana haki ya kuilinda mali yake. Mwezi uliofuata nilipita dukani kwake nikaona mlango mpya wa chuma, na mlinzi amekaa nje. Aliniamkia, akanambia: "Maalim, bastola ya kunienea nimekwisha kuijua. Ombi la leseni nimeliweka kwanza, mpaka nijue kuishika hasira."

Enyi vijana wetu, mwenye nguvu kwa Mtume (S.A.W.) ni yule anayejimiliki wakati wa ghadhabu. Mwenye kutaka silaha na aanze hapo, kisha ndipo akipime kiganja. Mwenyezi Mungu atuhifadhi na shari za mikono yetu. Amin.