Likizo Yetu Nchelenge



Watoto wangu walikuwa wamejiandaa kwenda Tanga kwa bibi yao likizo ya Agosti. Hela haikutosha. Nilipowaambia tutakwenda Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, wote walinuna.

Tunaishi Lusaka. Baba yao ni Mbemba, mimi ni mtu wa Tanga. Jambo lililokuwa likiniuma ni kwamba binti yangu wa miaka 12 alishaacha kunijibu kwa Kiswahili. Nikimsemesha mbele ya wenzake, ananijibu Kiingereza huku akiona haya.

Safari ilichukua siku mbili. Tulilala Mansa, kisha tukapita Mwense na Mwansabombwe. Nchelenge si mji wa fahari, lakini jioni jua huzama ng'ambo, upande wa Kongo, na ziwa zima huwa jekundu. Tulikula perege wa huko, wanaomwita pale, na dagaa wadogo waitwao chisense. Kuogelea tulikatazwa kwa sababu ya mamba. Tuliswali uani kwenye nyumba ya wageni, tukielekea kaskazini na kupinda kidogo mashariki.

Siku ya tatu tulikuwa stendi. Dada mmoja aliyeshuka kwenye boti kutoka mji wa Kilwa, Kongo, alikuwa na mtoto mgongoni na furushi la vitenge. Dereva alimsemesha Kibemba, hakuelewa. Akawa anarudia tu, "Niko natafuta motoka ya kwenda Mansa."

Kabla sijafungua mdomo, binti yangu alishamfikia. Akamuuliza kwa Kiswahili, akamgeukia dereva kwa Kibemba, mpaka nauli ikaeleweka na furushi likapakiwa. Yule dada akamshika mkono: "Aksanti, mama yangu."

Tukirudi akaniuliza, "Mama, kumbe Kiswahili kimefika hadi huku? Na Kilwa, kama ile ya kwetu?"

Nikamweleza kwamba misafara ya biashara kutoka pwani ilifika huku zamani. Mwaka 1867 David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe, alimkuta Mwarabu aitwaye Muhammad bin Saleh, aliyekuwa ameishi huko miaka mingi. Akanyamaza, akifikiri. Usiku ule alimpigia bibi yake simu, wakazungumza Kiswahili mpaka salio likaisha. Nilitoka nje nisionekane nalia.

Ndugu zangu, tusichoke kuzungumza na watoto lugha zetu, hata wakijibu kwa lugha nyingine. Wanasikia. Na likizo si lazima iwe ya gharama kubwa. Mkipenda kwenda Nchelenge, chagueni Agosti, maana Desemba hadi Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaane.

Mwakani, inshaallah, tutakwenda Tanga. Binti yangu ameshasema yeye ndiye atakayemtafsiria baba yake.