Mto Ambao Sikuufikia

Mchungaji aliponiomba niandike juu ya imani na kazi, nilimwambia kwamba kazi yangu ni kuning'inia. Akacheka, akasema basi andika juu ya kuning'inia. Nimekaa na ombi lake miezi kadhaa, kwa sababu nikiandika kwa ukweli lazima niandike na siku moja ambayo sipendi kuikumbuka.

Kampuni yetu ni ndogo. Tuna stoo moja, magari mawili na mafundi wachache wa kamba. Tunakodiwa kufika pale ambapo ngazi na majukwaa hayafiki: ndani ya matangi, juu ya minara, kwenye kuta za maghorofa, na zaidi ya yote chini ya madaraja. Watu wengi hudhani daraja hukaguliwa kwa kupita juu yake. Juu kuna lami tu. Maradhi ya daraja yako tumboni, na tumbo la daraja linaangalia maji.

Huko chini tunagonga zege kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Zege zima hulia kwa sauti kali na safi. Zege lililoachana ndani hulia kama debe tupu. Tunatafuta madoa ya kutu, kwa maana nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba hupasua zege kutoka ndani. Tunapima nyufa kwa kadi yenye mistari, mwembamba kwa mnene. Na tunatazama mito. Lugha yetu ina utani wake hapa: mto wa maji unapita chini, na juu yake, kati ya kichwa cha nguzo na boriti, kuna mto wa raba ambao boriti huulalia kama mtu anavyolaza kichwa. Daraja hurefuka kidogo kwa jua la mchana na kufupika usiku, nayo malori hulitikisa mchana kutwa. Mto wa raba ndio unaobeba mtikisiko huo. Ukipasuka, ukivimba au ukihama mahali pake, mzigo huanza kukaa pasipostahili.

Kila mmoja wetu hubebwa na kamba mbili. Ya kwanza ndiyo unayoshukia. Ya pili haikubebi, bali ina kifaa kinachokufuata kimya kimya na kuuma kamba endapo ile ya kwanza itashindwa. Kila kamba ina nanga yake, wala hazitegemei kitu kimoja. Na kuna sheria nyingine ambayo ni ngumu kuliko zote kwa mwenye kiburi: hakuna anayejikagua peke yake. Kabla ya kuvuka ukingo, mwenzako anakushika hanesi kila kifungo, anavuta karabina, anatazama fundo lako kana kwamba hujawahi kufunga fundo maishani.

Mimi ni mzee wa kanisa, na kazini nilikuwa ndiye ninayeongoza sala ya asubuhi. Fundi wetu mkuu ni Mwislamu wa Tanga, mtu mzima, wa maneno machache. Husimama nasi, mikono yake ameikunjua, mpaka nimalize. Kisha husema maneno mawili, yale yale kila siku: "Amina. Geuka." Yaani geuka nikukague mgongoni. Mwanzoni nilichukia. Niliona kama ananiambia kwamba sala yangu haitoshi. Siku moja nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Dua yako nimeiitikia. Fundo lako sijaliona bado."

Katika mafunzo tulifundishwa habari za madaraja mawili ya Marekani. La kwanza liliitwa Silver Bridge, kwenye mto Ohio. Tarehe 15 Desemba 1967, jioni, magari yakiwa yamejaa juu yake, lilianguka na watu 46 wakafa. Chanzo kilikuwa ufa mdogo katika kiungo kimoja cha chuma, mahali ambapo mkaguzi wa siku zile asingeweza kuuona bila kufungua kiungo chenyewe. La pili ni Hernando de Soto, kwenye mto Mississippi pale Memphis. Tarehe 11 Mei 2021 wakaguzi walikuta boriti ya chuma imepasuka karibu kukatika, wakapiga simu ya dharura magari yasimamishwe mara moja. Hata vyombo vya majini vikazuiwa kupita chini yake. Hakufa mtu. Lakini walipotazama video iliyopigwa kwa droni miaka 2 kabla, ufa ulikuwa tayari upo, unaonekana. Mwalimu wetu aliweka picha hizo mbili ukutani na kusema jambo moja tu: ule wa kwanza hakuna aliyeweza kuuona, na huu wa pili ulikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeutazama. Nililiandika neno hilo kwenye daftari na kulipigia mstari.

Sasa niseme la kwangu.

Tulikuwa tunakagua daraja moja la barabara kuu, mbali na nyumbani. Sitalitaja, kwa sababu kosa halikuwa la daraja. Ilikuwa siku ya mwisho, saa kumi na moja kasoro jioni, na wingu la mvua lilikuwa limeshasimama upande wa juu wa mto. Nilikuwa kwenye nguzo ya tano, upande wa chini wa mkondo, na ulibaki mto mmoja wa raba. Kuufikia kulihitaji nipande tena, nanga zihamishwe, nishuke upya. Karibu saa nzima. Mvua ikianza tungesimamisha kazi na kulala usiku mwingine pale, na kila mtu alikuwa ameshakunja nguo zake kwenye begi. Mwenzangu alikuwa upande wa pili wa boriti, hanioni.

Fomu ina mstari mmoja kwa kila mto, na kila mstari unadai picha. Niliandika "hali nzuri". Kisha nikapiga picha ya mto wa jirani, ule nilioukagua nusu saa kabla, kwa pembe tofauti ili usifanane. Mungu anisamehe, nilifikiria hata upande ambao mwanga ungetokea. Tulipokuwa tunakunja kamba fundi akaniuliza, "Yote umeyafikia?" Nikasema, "Yote, fundi." Mvua haikunyesha kabisa jioni ile.

Jumapili nilikuwa na zamu ya kuongoza maombi ya kanisa. Katika matangazo ilisomwa kwamba kwaya ya akina mama ingesafiri Jumamosi inayofuata kwenda kwenye tamasha, basi moja, kuondoka alfajiri. Nilijua njia. Mke wangu anaimba sauti ya pili katika kwaya ile.

Najua madaraja kidogo. Nilijua kwamba boriti haianguki hivi hivi kwa sababu fundi mmoja alikuwa mvivu jioni moja. Nilijiambia hayo nikiwa nimesimama mbele ya madhabahu na karatasi mkononi. Nikawaombea wasafiri. Nikaomba Bwana awafunike njiani, dereva na basi na barabara, na nilipotamka neno barabara sauti yangu ilikatika, watu wakadhani nimeguswa. Usharika ukasema amina. Mimi sikuisema.

Jumatatu niliwahi ofisini. Fundi alikuwa ameketi nje ya stoo na kikombe chake cha kahawa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona mapema?"

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliweka kikombe chini, akaniuliza kama ripoti imeshapelekwa kwa mwenye kazi. Nikasema bado, itapelekwa Alhamisi. Akaomba kitabu changu cha saa.

Hapa lazima nieleze. Mafundi wa kamba tuna madaraja matatu ya ujuzi, na ili kupanda kutoka la pili kwenda la tatu unahitaji angalau miezi 12 na saa 1000 za kazi kwenye kamba, zikiandikwa katika kitabu na kutiwa saini na aliye juu yako. Mimi zilinibakia saa 60 hivi. Nilikuwa nimezihesabu mpaka mwezi ambao mshahara wangu ungebadilika. Fundi alifungua ukurasa wa juma lile, akaugeuza kwangu. Sehemu ya saini ilikuwa bado tupu. Akakifunga kitabu na kunirudishia. "Hizi sitazitia saini," alisema. "Jumatano tunarudi."

Mwenye kampuni alisema mengi zaidi, kwa sauti, na yote yalikuwa ya haki. Aliniondoa kwenye kamba miezi mitatu na kuniweka stoo. Mafuta ya gari ya safari ya kurudi yalikatwa kwenye mshahara wangu. Sala ya asubuhi niliacha mwenyewe, hakuna aliyeniambia.

Lakini hayo yote hayakuniuma kama maneno ya mke wangu usiku ule. Nilimsimulia tukiwa jikoni. Alikaa kimya muda mrefu, akizungusha mwiko kwenye sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Kisha akasema, "Kwa hiyo uliniombea tu." Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kuhakikisha kama ameelewa.

Jumatano tukarudi. Fundi alifunga nanga mwenyewe, akanikagua kama kawaida, nikashuka. Chini ya boriti ile, kwenye kona ya nguzo, mbayuwayu walikuwa wamejenga kwa udongo, kiota kikiwa karibu kabisa na mto niliokuja kuutafuta. Niliutazama kwa tochi. Nikaupima. Nikaugusa kingo zote nne kwa kidole, nikatafuta ufa, nikatafuta uvimbe, nikaangalia kama umehama. Ulikuwa mzima. Mzima kuliko yote ya nguzo ile.

Nitakiri jambo ambalo sikumwambia mtu siku hiyo. Nilisikitika. Nilikuwa nimetumaini, mahali fulani moyoni, kwamba nitakuta ufa mkubwa, ili kutubu kwangu kuwe kumeokoa basi la akina mama na mimi nirudi nikiwa shujaa. Mungu hakunipa hilo. Alinipa raba nzima na kiota cha ndege. Nilining'inia pale dakika kadhaa nikiwa na uongo wangu tu, bila ajali ya kuupa ukubwa wala ufa wa kuupa maana. Niliandika "hali nzuri" kwa mara ya pili. Maneno yale yale.

Jumamosi basi liliondoka alfajiri, likapita, likarudi usiku na wao wakiwa wanaimba. Lingepita salama hata kama ningenyamaza. Baadaye niliposimulia habari hii kwenye jumuiya, ndugu mmoja mwenye nia njema alinishauri nikiitoa kama ushuhuda niweke na ufa kidogo, watu watabarikiwa zaidi. Tulicheka, ila nadhani hakuwa anatania sana.

Ile miezi mitatu ya stoo nilikuwa ninaosha kamba. Huoshwa kwa maji safi na kuanikwa kivulini, maana jua hula nyuzi zake pole pole. Kisha unaipitisha kamba yote kati ya vidole, pima kwa pima, ukihisi kama kuna mahali palipolegea au kuwa pagumu. Ni kazi inayoacha nafasi ya kufikiri, na mchana nilikuwa na Biblia kwenye rafu ya karabina. Ndipo nilipokutana upya na Yeremia 38, nabii akiwa ametupwa shimoni na kuzama katika matope. Nilikuwa nimeisikia habari ile tangu shule ya Jumapili. Sikuwahi kumtazama Ebedmeleki, yule Mkushi wa nyumba ya mfalme, kwa macho ya fundi wa kamba.

Ebedmeleki hakuishia kuleta kamba. Alipita kwanza chini ya hazina akachukua matambara na nguo kuukuu, akayateremsha, akamwambia Yeremia ayaweke makwapani chini ya kamba. Yeyote aliyewahi kuvutwa juu kwa kamba tupu anajua kwa nini. Mtu yule alikuwa na haraka, maana nabii angeweza kufa kwa njaa, tena alikuwa amejihatarisha mbele ya wakubwa. Bado alikumbuka makwapa. Sisi tuna vitu vya namna hiyo: vipande vya turubai na vya mpira wa maji wa zimamoto vinavyofungwa mahali kamba inapogusa ukingo mkali, isikatike. Miezi ile nilishona vingi. Vingine vinatumika hadi leo, navijua kwa mshono wangu usionyooka.

Niliporudi kwenye kamba ilikuwa kazi ya tangi la mafuta ya kula, si daraja. Asubuhi tulisimama duara kama zamani, na palikuwa na ukimya wa watu wasiojua nani aanze. Fundi akanitazama. "Mzee wa kanisa," akasema, "tunakungoja."

Niliomba kwa ufupi kuliko nilivyowahi kuomba.

"Amina," akasema fundi. "Geuka."

Niligeuka. Akavuta kifungo cha mgongoni mara mbili, akapitisha kidole chini ya mkanda wa paja, akatazama fundo langu bila haraka. Kisha akageuka yeye, akanipa mgongo, akasimama akisubiri nimkague.