Mwali Darasani

Sisi tunaofundisha Kiswahili fildi, tukifika kwenye maigizo ya fasihi simulizi tunaujua ule mstari: jando na unyago. Mwalimu anautaja, mwanafunzi anakariri, mtihani unapita. Mwaka jana nilipangiwa sekondari moja mkoani Mtwara, na kule mstari huo haupiti hivihivi. Wengi kwenye darasa langu la kidato cha tatu walishapita kumbini. Mimi mwenyewe ni Mmakua, nilichezwa nikiwa na miaka 11.

Nikasema tusherehekee. Mwalimu mwenyeji akanionya: "Hayo waachie makungwi." Nilimwelewa. Ya kumbini hayasemwi nje, na ya wasichana si ya kusikiwa na wavulana. Kwa hiyo nikaweka sharti moja: tunaigiza siku ya kutoka tu. Siku hiyo haina siri, kijiji kizima kinaalikwa, wali wanavaa nguo mpya, ngoma zinalia, shangazi wanatunza.

Jamani, dakika 80 hazikutosha! Ndoo zikawa ngoma, kanga zikatoka mabegini. Kijana ambaye insha zake hazizidi mistari mitano alisimama akatueleza, kwa Kiswahili kilichonyooka, jinsi kinyago cha mapiko kinavyochongwa kwa mti mwepesi ili kivaliwe kichwani, na kwa nini anayekicheza hatajwi jina. Nyimbo tukaziandika ubaoni, tukatafuta takriri na mafumbo. Wakagundua kwamba "mambo ya bibi" ni ushairi uleule wa kitabuni.

Kisha mvulana mmoja akauliza, "Mwalimu, kwetu Usukumani hatuna jando. Ina maana mimi bado mtoto?" Darasa likaangua kicheko. Binti mmoja hakucheka. Akasema, "Mimi nilitoka nikiwa darasa la tano. Wiki ileile nikaanza kuulizwa naolewa lini."

Kimya.

Niliwaambia kwamba mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuolewa vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Halafu nikawapa kazi: kila kundi litunge wimbo wa kumpokea mwali. Kundi la yule binti lilimpokea mwali wao kwa begi la shule. Aliyelibeba, kama mjomba, ni yule Msukuma.

Wapo wanaotaka unyago ufutwe, wapo wanaosema usiguswe. Mimi naona kipindi cha Kiswahili hakiwezi kuumaliza ugomvi huo. Kinachoweza ni kumpa mtoto maneno ya kuijibu jamii yake kwa lugha ambayo jamii hiyo inaiheshimu, yaani wimbo. Makungwi nao hutunga, na wimbo mpya si dhambi kwenye ngoma.

Basi mwenzangu, ukipangiwa Mtwara au Lindi, usiuruke ule mstari. Waulize wenyeji kwanza kipi kinasemeka na kipi hakisemeki. Kinachosemeka, wape wanafunzi wakiseme wao, nawe kaa pembeni na chaki yako uandike.