Kosa Lilikuwa la Kibodi

Ilikuwa Oktoba 2018, baada ya sala ya Ijumaa, tulipoiwasha kompyuta ya nyumbani ikatuonyesha kioo cha buluu chenye maneno WDF_VIOLATION. Ikazimika, ikajiwasha, ikarudia yale yale, ikizunguka kama ngamia wa kinu. Ndani yake mlikuwa na hesabu za chama cha akina mama wa mtaani, na darsa za marehemu babu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizorekodi mwaka wake wa mwisho. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Uzembe huo ni wetu.

Fundi aliitazama dakika chache, akasema dawa ni kufuta kila kilichomo na kuanza upya. Bi Mkubwa akauliza kwa upole, "Mwanangu, na sauti ya mzee je?" Fundi hakuwa na jibu, nasi tukaibeba kompyuta yetu tukarudi nayo.

Binti yetu wa kidato cha tatu ndiye aliyekumbuka kwamba jana yake kompyuta ilikuwa imejisasisha. Akayatafuta maneno yale kwa simu, akakuta wengi wamepatwa na msiba huo huo wiki ile, na chanzo ni draiva mpya ya kibodi. Draiva ni mkalimani baina ya kifaa na kompyuta. Programu ya kuandikia barua ikiharibika hufungika peke yake. Draiva kama ile hufanya kazi katika moyo wa mfumo, na ikikosea, mfumo husimamisha kila kitu ili madhara yasienee.

Tuliingia sehemu ya marekebisho, tukafungua dirisha jeusi la amri ili tulibadilishe jina faili la draiva ile, kompyuta isilione tena. Tulistaajabu kuona kibodi inaandika. Kumbe sehemu hiyo huwaka kwa mfumo wake mdogo, usioigusa draiva mbovu. Binti alikosea mara mbili. Bi Mkubwa akavaa miwani, akashika simu, akamsomea herufi moja moja kama alivyomfunza alifu na bee.

Mara ya tatu amri ilikubali. Tukaiwasha upya, ikawaka, Alhamdulillahi. Kabla ya lolote tulinakili kila kitu kwenye flashi mbili, moja ikawekwa kabatini kwa Bi Mkubwa.

Kisha akataka kusikia. Babu alianza kwa Bismillahi, akakohoa, akaomba maji.