Shule Yetu, Ufunguo Wetu

Mimi ni bwana shamba. Mwezi uliopita nilikwenda Dar es Salaam kuulizia bei ya vitunguu katika soko la Kariakoo.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliwekwa pale. Kwa Kiingereza waliitwa Carrier Corps. Wenyeji walitamka Kariakoo.

Leo maduka yamebanana. Nyumba zimekuwa maghorofa. Watoto watacheza wapi?

Jioni nilitembea hadi Kidongo Chekundu. Hapo pana viwanja vya vijana vyenye jina la Jakaya Kikwete, vilivyofunguliwa mwaka 2015. Vijana walicheza mpira wa miguu na wa kikapu. Mmoja aliniambia kuwa mchana hubeba mizigo sokoni.

Nikakumbuka kijiji chetu. Sisi tuna kiwanja kikubwa cha shule. Wananchi tulikifyeka wenyewe. Lakini saa tisa lango hufungwa. Mwaka jana mpira ulivunja kioo cha darasa, na hakuna aliyelipa. Mwalimu mkuu akafunga lango. Simlaumu. Lakini watoto wakahamia barabarani. Mmoja aligongwa na pikipiki, akavunjika mguu.

Zamani haikuwa hivyo. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watoto walipotoka darasani, wazazi waliingia. Mama yangu alijifunza kuandika jina lake katika shule hiyo hiyo. Mwalimu aliandika majina ya wote waliohudhuria. Kila mtu alijulikana.

Niliporudi, tulikutana na kamati ya shule. Kwanza tulichanga fedha, tukaweka kioo kipya. Kisha tulikubaliana hivi:

Kiwanja kifunguliwe saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Jumatano na Jumamosi ni zamu ya wasichana. Darasa moja liwe la kisomo siku ya Alhamisi. Kila wiki mtu mmoja ashike ufunguo, na jina lake liandikwe daftarini. Anayeharibu alipe.

Mwalimu mkuu amekubali tujaribu kwa miezi mitatu. Wiki hii ufunguo ninao mimi.

Je, shule ya kijiji chenu hufungwa saa ngapi? Ufunguo anao nani? Jadilianeni.